Chupa Iliyoandikwa Sampuli

Mimi nikipandwa na hasira huwa nafanya hesabu, ndiyo dawa yangu. Jumatano ile, saa nane na nusu mchana, nilisimama mbele ya friji ya maabara nikagawanya mililita mia moja na sabini kwa watahiniwa thelathini na wawili. Inatoka tano na kidogo kwa kila mmoja. Hesabu ilikuwa sahihi na hasira haikupungua hata chembe, kwa sababu hizo mia na sabini zilikuwa maziwa yangu, niliyoyakamua mwenyewe mara mbili siku ile, na sasa yalikuwa kwenye tyubu za vioo, watoto wa watu wanayafanyia mtihani.

Ngoja nianze vizuri, maana nikianzia hapa mtadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilirudi kazini kutoka likizo ya uzazi mtoto wangu wa pili akiwa na miezi mitatu, na nilirudi nimekula kiapo: huyu atakunywa maziwa yangu mpaka miezi sita itimie. Wa kwanza, binti yangu, nilishindwa. Shule niliyokuwa nafundisha wakati ule nilikuwa nakamulia chooni, nimesimama, mguu mmoja umeuzuia mlango usio na komeo, na kila mtu akigonga maziwa yanagoma kutoka. Wiki ya saba yakakauka. Sina ugomvi na maziwa ya kopo, binti yangu amekua nayo na ana akili kuliko mimi. Ugomvi wangu ni kwamba sikuchagua. Mlango ulinichagulia.

Kwa hiyo safari hii nilijipanga. Mume wangu ni fundi wa friji, akanishonea mkoba wenye sponji nene ndani, wa kubebea maziwa njiani yasipate joto. Mama mkwe alikubali kubaki na mtoto, ingawa alikubali kwa masharti. Siku niliyorudi kazini alinunua kopo la maziwa ya unga akaliweka kwenye rafu ya jikoni, juu, karibu na dirisha.

"La nini hilo, mama?" nikamuuliza.

"La dharura," akasema. "Mimi sibaki na mtoto anayelia nyumba nzima eti mama yake yuko kwenye kikao. Siku chupa yako ikipungua, nafungua."

"Haitapungua."

"Sijasema itapungua. Nimesema ikipungua."

Mama mkwe wangu hana dogo, lakini hasemi uongo. Kila nilipoingia jikoni kuchemsha chupa, lile kopo lilikuwa linanitazama.

Pale shuleni nilikuta chumba kimoja tu chenye vitu vitatu ninavyovihitaji: komeo, soketi na kiti. Ni stoo ya maabara, chumba chembamba chenye rafu za darubini zilizokufa na mifupa ya plastiki. Nilikuwa naingia saa nne na dakika ishirini, wakati wa mapumziko, na tena saa saba na dakika kumi, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Dakika ishirini kila mara. Pampu yangu ina sauti ya mtu anayekoroma taratibu, na mimi huku nasahihisha madaftari kwa mkono mmoja. Ukinikuta nimesahihisha vibaya saa nne na nusu, usinilaumu.

Tatizo lilikuwa pa kuyaweka mpaka jioni. Wiki ya kwanza niliweka chupa kwenye friji ya ofisi ya walimu. Mwalimu wa jiografia, mtu anayeona kila kitu ni utani, akaifungua friji, akaiona, akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Jamani leo chai haitakosa maziwa." Wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Mimi ninayesimama mbele ya vijana arobaini na kuchora mfumo wa uzazi ubaoni, kiungo kwa kiungo, bila kupepesa jicho, nimeonea aibu chupa.

Ndipo nikafanya ujanja wangu. Maabara ina friji ndogo ya sampuli za vyakula tu: mayai, viazi, maziwa, mafuta ya kupikia. Hakuna kemikali inayoingia humo, na anayehakikisha hilo ni mtunza maabara, tunayemwita Bwana Lebo. Bwana Lebo ameandika lebo kwenye kila kitu maabarani, hadi kiti chake kina lebo inayosema kiti. Sheria yake ni moja: kilichoandikwa ndicho kilicho. Basi nikawa nakamua, namimina kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko niliyoichemsha nyumbani, nabandika karatasi nimeandika: Sampuli ya somo, Mwalimu wa Baiolojia. Hakuna aliyeigusa. Wiki sita nzima nilijiona mjanja wa kutupwa.

Sasa Jumatatu ya wiki ile, Mwalimu wa Taaluma akaniita ofisini kwake. Huyu ndiye mpangaji wa ratiba na mitihani, mtu msafi, kalamu nne mfukoni, kila moja na rangi yake. Tangu mwanzo nilikuwa nimemweleza, kwa adabu na kwa mkato, ninachofanya stoo. Alikuwa ameitikia huku anatazama dirishani.

"Mwalimu," akaniambia, "ile stoo naihitaji. Makaratasi ya mtihani yanakuja, lazima yakae penye komeo. Nakupa mpaka Ijumaa."

"Na mimi niende wapi?"

"Si kuna vyoo vya walimu? Vimekarabatiwa vizuri."

"Mwalimu, wewe chakula chako unapikia chooni?"

"Usilete ukali. Ni mambo ya utaratibu tu."

Nilitoka pale nikihesabu. Zilikuwa zimebaki siku arobaini na moja miezi sita itimie. Choo kilinikausha kwa wiki saba wakati nilikuwa na maziwa ya kumwaga, sasa hivi nayasaka kwa tochi. Kama Ijumaa natoka stoo, Ijumaa inayofuata mama mkwe anafungua kopo. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Tukafika Jumatano, siku ya mtihani wa vitendo wa majaribio. Mtihani huo hutungwa nje ya shule, huletwa ndani ya bahasha, na una mwiko wake. Bahasha ya maelekezo ikishafunguliwa saa saba na nusu, mtunza maabara haruhusiwi kusema neno lolote na mwalimu wa somo mpaka watahiniwa watoke. Mwalimu wa somo mwenyewe hasogelei maabara. Akionekana hata kwenye kibaraza, ni kesi. Lengo ni kwamba tusiwavujishie watoto wetu, na kusema kweli wapo ambao wangevujisha.

Saa saba na dakika kumi nilikamua kama kawaida, nikaongeza kwenye chupa ya asubuhi, nikabandika lebo yangu ya uongo, nikaondoka. Saa saba na nusu Bwana Lebo akafungua bahasha. Ikasema: Sampuli A, maziwa freshi ya ng'ombe, mililita tano kwa kila mtahiniwa. Maziwa ya ng'ombe alikuwa nayo tangu asubuhi, kwenye jagi. Akayatoa, akayakuta yamekatika, mabonge tu na maji ya kijani. Watahiniwa wako mlangoni. Kuja kuniuliza hawezi, mwiko. Kutoka kwenda kununua hawezi, bahasha iko wazi. Akafungua tena friji, akaona chupa ya maziwa mazuri, yenye lebo, sampuli ya somo, tena ya mwalimu wa baiolojia mwenyewe. Kilichoandikwa ndicho kilicho. Akaitikisa, akapima tano tano.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba saa nane na nusu, watahiniwa walipokuwa bado wanaandika ndani, nilipita mlango wa nyuma ambako friji ipo, ili nihamishie chupa kwenye mkoba wangu. Ndiyo, nilivunja mwiko. Pale friji ilipo huwezi kuwaona watahiniwa nao hawakuoni, basi nikajipa ruhusa. Ndani ya friji haikuwepo. Chupa yangu nikaiona kwenye sinki, imeoshwa, imepinduliwa ikauke.

Bwana Lebo akatokea. Kwa kuwa haruhusiwi kusema, akaninyooshea kidole gumba, anatabasamu, akanionyesha chupa, halafu akaonyesha kule ndani kwa watahiniwa, halafu akajishika kifua kwa shukrani. Yaani nimemwokoa.

Nilitaka kumrukia. Nilitaka pia kulia, na nilitaka kuingia ndani nikusanye tyubu zangu moja moja. Nikafanya hesabu niliyowaambia. Kisha nikarudi ofisini nikakaa, nawaza kitu kimoja tu: kesho mtoto anakunywa nini. Nyumbani nimeacha chupa moja ya akiba, mililita mia na ishirini. Siku nzima anataka mia tatu.

Saa tisa na nusu tukaitwa kwenye kikao kifupi cha walimu, palepale ofisini, kama inavyokuwa baada ya kila mtihani. Mkuu wa shule akakaa mbele. Ni mama mtu mzima, haongei sana, miwani yake anaivua akitaka kukusikiliza na kuivaa akiwa amekuchoka. Mwalimu wa Taaluma ndiye aliyesimamia chumba cha mtihani. Akasimama na karatasi mkononi.

"Mtihani umekwenda vizuri, isipokuwa jambo moja," akasema. "Sampuli A ilipaswa kuwa maziwa ya ng'ombe. Kuna mtahiniwa ameandika hivi." Akasoma: "Sampuli ni maziwa, lakini si ya ng'ombe. Jaribio la protini limetoa zambarau hafifu, la sukari limetoa nyekundu iliyokolea. Tuliyojaribu darasani yalikuwa kinyume chake. Nimeandika nilichokiona."

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Ni binti mmoja tunayemwita Kwanini, kwa sababu ndiyo neno lake la kwanza kila kipindi. Na hilo la kuandika ulichokiona, si ulichotegemea kukiona, ni mimi niliyewapigia kelele nalo mwaka mzima.

"Nikapata wasiwasi," Taaluma akaendelea. "Mimi nimekulia kwenye mifugo, maziwa hayanipigi chenga. Yalikuwa yamebaki kidogo kwenye bika. Nikanusa. Nikaonja tone moja, kwa ncha ya ulimi. Mepesi, yana utamu. Mtoto yuko sawa, si ya ng'ombe." Akainua kidole ili tumsikilize vizuri. "Ni ya mbuzi."

Bwana Lebo, ambaye sasa mwiko ulikuwa umemwachia ulimi, akasema kwa fahari kwamba ya ng'ombe yalikatika na alitumia sampuli ya somo ya mwalimu wa baiolojia. Vichwa vyote vikanigeukia.

"Basi tumepata jibu," Taaluma akasema. "Mwalimu alikuwa ameandaa maziwa ya mbuzi kwa ajili ya somo. Si hivyo, Mwalimu?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Niseme ndiyo, ya mbuzi, kikao kifungwe, twende nyumbani. Hakuna ambaye angejua. Bwana Lebo angebaki shujaa, Taaluma angebaki mtaalamu wa mifugo, na mimi ningebaki na siri yangu mpaka Ijumaa, halafu ningehamia chooni kimya kimya na kopo lingefunguliwa kimya kimya. Nilimwona mwalimu wa jiografia ameshaanza kutabasamu kabla hata sijasema kitu. Nikapiga moyo konde nikasimama.

"Si ya mbuzi," nikasema. "Mbuzi mwenyewe ni mimi."

Vichwa vilivyokuwa vimenigeukia vikamgeukia Taaluma.

"Ni maziwa ya mtoto wangu," nikasema. "Nayakamua kwenye stoo ya maabara, mara mbili kwa siku, wakati wangu wa mapumziko, sijawahi kuchelewa kipindi hata kimoja. Lebo ya sampuli niliandika mimi. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu, na aibu hiyo niliipata kwenye friji hiyo hapo nyuma yenu." Sikumtazama mwalimu wa jiografia, hapakuwa na haja. "Kosa la lebo ni langu, nalikubali. Lakini stoo sitoki. Mtoto wangu wa kwanza niliacha kumnyonyesha kwa sababu ya choo. Huyu simwachishi kwa sababu ya makaratasi."

Taaluma alikuwa amekaa. Alikuwa anajifuta midomo kwa leso, taratibu, mara ya tatu sasa.

Mkuu wa shule akavua miwani. Akamtazama yeye kwanza. "Uliyaonja?"

"Tone tu, Madam."

"Ukasema ya mbuzi."

"Nilisema yanafanana."

Mtu mmoja akakohoa, halafu mwingine, na kikao kikaanguka. Walicheka mpaka mwalimu wa jiografia akainamisha kichwa mezani. Safari hii sikucheka nao ili nionekane mwenzao. Nilibaki nimesimama, na nikagundua kwamba hawanicheki mimi.

Walipotulia Mkuu akanigeukia. "Na watoto? Wamefanya mtihani kwa sampuli isiyo sahihi."

"Maziwa ni maziwa, Madam, vitu vilivyomo ni vilevile, vinatofautiana kiasi tu. Aliyeandika rangi aliyoiona apate maksi zake. Aliyeandika rangi aliyoikariri, huyo ndiye ana tatizo. Na aliyesema si ya ng'ombe, mimi ningempa zote."

"Hayo makaratasi ya mtihani," akamwuliza Taaluma, "yakikaa kwenye kabati la ofisini kwako yataharibika?"

"Hapana, Madam."

"Kabati lina komeo?"

"Lina komeo."

Akavaa miwani yake. "Tuendelee na jambo la pili," akasema.

Kikao kilipoisha Bwana Lebo alinifuata kwenye korido. Alikuwa hanitazami usoni. Nilikuwa nimemwandalia maneno, tena makali, lakini mtu mzima akisimama mbele yako na macho yamejaa maji, maneno yanakuishia.

"Mwalimu, nimemlisha nani chakula cha mtoto?" akasema. "Nimekimwaga kwenye tyubu."

"Uliamini nilichoandika."

"Ndiyo maana nakuomba usiandike tena uongo maabarani kwangu." Akanipa karatasi ya lebo, ile kubwa anayotumia kwenye makabati, na kalamu nene nyeusi.

Nikaandika palepale, karatasi nimeiegemeza ukutani. Maziwa ya mtoto wangu. Saa nne na ishirini hadi saa nne na arobaini, saa saba na kumi hadi saa saba na nusu. Mwalimu wa Baiolojia. Bwana Lebo akaisoma mara mbili, akaridhika, akaibandika kwenye mlango wa stoo kwa mikono yake, akaikandamiza pembe zote nne. Kisha nikaingia, nikafunga komeo, nikakamua tena. Saa kumi jioni maziwa huwa haba, lakini siku ile yalitoka bila kubembelezwa. Mililita tisini.

Nyumbani mama mkwe aliipokea chupa akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Ndogo," akasema.

Nikamweleza yote, tangu jagi lililokatika mpaka tone la ncha ya ulimi. Alisikiliza bila kucheka mpaka nilipofika kwenye mbuzi, hapo akaketi. Alipomaliza kufuta machozi alinyanyuka akaenda kwenye rafu, akalishusha kopo.

"Tisini na zile mia na ishirini za akiba," nikasema haraka, "ni mia mbili na kumi. Nitamnyonyesha kabla ya kutoka, na kesho kipindi changu cha mwisho kinaisha saa nane. Nitafika kabla hajalia."

Akalipangusa kopo vumbi kwa upindo wa khanga. "Nani kakwambia nafungua? Nafuta rafu," akasema, akalirudisha.

Kesho yake, saa saba na kumi na tano, nikiwa stoo na pampu inakoroma, nilisikia kitasa kinashikwa halafu kinaachwa. Kisha ikaja sauti ya mwalimu wa jiografia, anatafuta dunia ya plastiki kwa ajili ya kipindi chake. Halafu nikasikia sauti nyingine ikimjibu, ya mtu mwenye kalamu nne mfukoni.

"Hujui kusoma? Imeandikwa mpaka saa saba na nusu. Mwache mwenzako, yuko kazini."

Siku thelathini na nane baadaye miezi sita ilitimia, ikawa Jumapili. Asubuhi hiyo nilimpondea mtoto chakula chake cha kwanza, kijiko kimoja cha kiazi laini, akakitema na kunishangaa. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jiko, chai yake inatoka mvuke. Akalishusha kopo, akachana ile karatasi ya fedha ya juu, akachota vijiko viwili, akavikoroga kwenye chai yake, akaonja.

"Hapana," akasema, akasukuma kikombe. "Hii si ya mbuzi."